Nchi Mbili Bila Rivasi

Jumatatu, 3 Agosti

Shule imefungwa saa sita mchana. Saa saba nilikuwa mezani na penseli tatu, rula na ramani ya nchi mbili. Safari kubwa inaanza Jumamosi! Siku tano, mimi na mke wangu. Milima upande wetu, kisha mpaka, kisha ziwa na maporomoko upande wa jirani, kisha nyumbani. Nimeigawa yote katika vipindi vya dakika arobaini. Milima, vipindi vinne. Ziwa, vipindi viwili mfululizo, kama hesabu. Mimi ni mwalimu wa ratiba katika shule yenye madarasa kumi na sita na walimu wasiosalimiana. Nchi mbili zitanishinda?

Safari hii nilimwahidi siku ya harusi yetu, miaka ishirini na mitano iliyopita. Nimeiahirisha mara sita, kila mara kwa sababu nzuri. Mara ya sita mke wangu hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ile anayopimia kiuno cha mteja, kwamba Agosti hii anakwenda, na nisipompeleka mimi atapelekwa na mdogo wake. Mke wangu ni fundi cherehani. Akishachora mstari, anakata.

Mdogo wake ni Shemeji. Ana shule ya udereva, magari mawili, na miwani ya jua anayoivaa hata sebuleni. Amevuka mpaka mara nyingi bila ratiba yoyote. Ukimuuliza alipitaje, anajibu kwamba alipita tu. Huyo ndiye wa kumwonyesha mke wangu dunia? Kamwe!

Sasa jambo moja, nalo liishie humu daftarini. Siwezi kurudisha gari nyuma. Kwenda mbele nakwenda vizuri kabisa. Rivasi, hapana. Nikigeuza shingo tu, mikono inasahau kazi yake. Siku ya mtihani wa leseni ilinyesha mvua kubwa, mkaguzi akasema kipengele hicho kingoje. Sikuona sababu ya kumkumbusha. Shemeji ndiye aliyenifundisha, na aliapa hatasema. Tangu hapo naegesha mahali pa kutokea kwa mbele. Hapa nyumbani nilibomoa ukuta nikaweka geti la pili. Nilimwambia mke wangu ni kwa ajili ya hewa.

Kwa hiyo safari yetu ni mduara. Tunatoka geti la mbele, tunarudi kwa geti la nyuma. Nchi mbili bila rivasi hata moja! Juu ya ratiba nimeandika kwa herufi kubwa: MSAFIRI WA KWELI HARUDI NYUMA. Mke wangu alisoma, akasema ni maneno mazuri, akaendelea kukata uzi kwa meno.

Jumanne, 4 Agosti

Balaa kabla ya chai kupoa. Mke wangu alipitia ratiba kwa kidole, kipindi kwa kipindi, kisha akauliza ukingoni tunafika lini.

Nieleze. Juu ya cherehani yake kuna picha ya maporomoko, imetoka kwenye kalenda ya zamani. Miezi aliikata na kuitupa, picha akaibakiza. Maji yanaonekana kutoka juu, yanamwagika na kupotea kwenye ukungu. Picha hiyo ilipigwa ukingoni, pale juu maji yanapoanza kuanguka. Mimi nilikuwa nimepanga tuyaone maporomoko kutoka chini, kwenye barabara kuu, kipindi kimoja, kupitia dirishani. Akasema hapana. Kutoka chini hata bomba likipasuka mtu anaona maji. Yeye anataka kusimama pale aliposimama mpiga picha. Ziwa nikipenda niliache, milima niiache, lakini ukingoni ndiko anakokwenda.

Nimeichunguza ramani kwa kioo cha kukuzia. Barabara ya ukingoni ina kilomita tisa, na inaishia pale pale. Inaishia! Mzunguko hakuna. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Gari likiingia kwa mbele, litatoka kwa nyuma. Nani huyo aliyejenga barabara ya namna hii? Bila shaka hakuwahi kupanga ratiba.

Nilikaa nikafikiri vipindi viwili. Nikapata. Ukingoni pamefungwa kwa matengenezo! Inatakiwa barua tu.

Nyongeza. Saa saba na nusu mchana nilipita dukani kwa mke wangu nikakuta pamefungwa, kibao kinasema atarudi saa nane. Na gari la Shemeji nililiona likikata kona. Jana mchana pia lilikuwa pale. Kikulacho ki nguoni mwako. Watu hawa wanapanga kitu.

Jumatano, 5 Agosti

Barua imeandikwa, imepigwa muhuri, imewasilishwa. Inatoka Ofisi Kuu ya Mandhari na Maporomoko ya nchi jirani. Muhuri ni wa shule, lakini niliuburuta kwa kidole gumba mpaka ukaonekana wa kigeni.

Mke wangu aliisoma mara mbili. Akauliza maporomoko yanatengenezwaje, wanafunga koki? Nikasema ni vyuma vya kuzuia watu wasianguke. Akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza mbona ofisi kuu ya nchi nyingine inamaliza barua kwa maneno "Asante kwa kuzingatia ratiba", yale yale ninayoyabandika kwenye ubao wa walimu kila Ijumaa. Nikamwambia ni maneno ya kimataifa. Akasema alaa. Akailaza barua mezani, akachukua chaki na mkasi, akaikata kuwa kiolezo cha kola.

Ameamini? Nadhani ameamini. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na muhuri.

Wakati wa kula aliniuliza, hivi hivi tu, kama ni kweli klachi inaachiwa taratibu kama mkono wa mtoto aliyelala. Nikamwambia ndiyo, amesikia wapi? Akasema kwa mteja. Wateja wa siku hizi wanaongea sana.

Alhamisi, 6 Agosti

Shemeji alikuja asubuhi bila kualikwa, akala mkate wangu, akatangaza kwamba alikuwa ukingoni wiki mbili zilizopita. Kweupe! Pamefunguliwa, na wameweka benchi jipya. Alinitazama wakati anasema. Nadhani alinitazama, kwa miwani ile mtu huwezi kujua.

Mke wangu akasema basi matengenezo yamekwenda haraka, Mungu ni mwema. Akachukua ratiba, akaandika neno "Ukingoni" kwa chaki ya kushonea, vipindi viwili, siku ya tatu, katikati kabisa ya ukurasa.

Vizuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaamua kujifunza rivasi leo leo. Mtu mwenye elimu yangu atashindwa na gia moja? Uwanja wa shule ni mtupu, yupo mlinzi wa geti peke yake, na mlinzi hulala saa tisa.

Hakulala. Alileta kiti.

Jaribio la kwanza, gari lilizimika. La pili, likazimika. La tatu lilikwenda nyuma, kweli, lakini nilitaka liende kulia likaenda kushoto, nikageuza usukani, likazidi kwenda kushoto, na kushoto palikuwa na mlingoti wa bendera. Sasa mlingoti umeinama kama mtu anayetafuta shilingi. Buti la gari limepata bonde dogo. Mwalimu mkuu anarudi wiki ijayo, kwa hiyo nimemwandikia taarifa nikieleza kwamba Alhamisi alasiri ulipita upepo mkali wa ghafla. Mlinzi nilimwomba atie sahihi kama shahidi. Akasema ameona pepo nyingi maishani, lakini huu ni wa kwanza kuacha rangi ya gari kwenye chuma. Hakutia sahihi.

Hata hivyo, nimepiga hatua. Sasa najua gia yenyewe iko upande gani.

Ijumaa, 7 Agosti

Kesho! Mizigo imefungwa. Nina nakala tatu za ratiba, moja ya dereva, moja ya abiria, moja ya akiba.

Shemeji alinifuata nje nikiwa napaka rangi kwenye bonde la buti. Halafu akaniita kaka, jambo ambalo halifanyi ila akitaka kitu, akaniomba nimwambie dada yake ukweli. Au basi nimchukue naye, atakaa kiti cha nyuma kimya, tukifika ukingoni atashika usukani dakika mbili, arudi kwenye kiti chake. Nikamwambia siku ya kumhitaji Shemeji nitajua nimezeeka. Akacheka, akasema dada yake si kipofu.

Si kipofu! Nimeyapima maneno hayo. Ni vitisho. Na sasa nimeelewa kwa nini gari lake halibanduki dukani kila mchana. Anashonewa suti! Anataka nikishindwa atokee amevaa suti mpya, awe mkuu wa msafara. Nilikwenda dukani kwa kisingizio cha kuazima futi, nikapekua kote. Suti hakuna. Chini ya cherehani kulikuwa na raba tu za mke wangu, zile za zamani, zina vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Kwa hiyo suti imeshachukuliwa.

Jioni nilimtazama mke wangu akiitoa ile picha ukutani. Aliifuta vumbi kwa kiganja, akaiweka katikati ya kanga mbili ili isikunjike. Hapo nikaogopa. Nasema kweli, niliogopa. Miaka ishirini na mitano amekaa pembeni yangu akijua ameolewa na dereva. Nikikwama pale, mbele ya hiyo picha yake, nitakuwa nimemharibia mahali na mume kwa siku moja.

Lakini kiongozi hapaswi kuandika mambo kama haya. Nimeongeza dakika tano za tafakari kabla ya ukingoni. Yatosha.

Jumamosi, 8 Agosti

Tumeondoka! Tumechelewa dakika thelathini na nane kwa sababu jirani alimwaga mchanga mbele ya geti la mbele. Nikatoka kwa la nyuma. Mke wangu akasema hewa yangu imetusaidia. Nadhani alikuwa ananisifu.

Milima ni mizuri mno. Kwenye kona ya juu kabisa kuna mahali pa kuegesha na kutazama bonde, mke wangu akaomba tusimame. Nikaona kwamba ukiingia pale, kutoka ni kwa rivasi. Nikamwambia mandhari huonekana vizuri zaidi gari likiwa kwenye mwendo. Nikapunguza mwendo mpaka mwenye baiskeli akatupita. Nyuma yetu palikuwa na lori moja, kisha malori manne, yote yanapiga honi. Mke wangu akasema milima ni mizuri, ile aliyoiona.

Tumelala kwenye nyumba ya wageni yenye ua mkubwa. Nimeegesha nikiwa nimeelekea barabarani. Mwenye nyumba alisema gari limeziba mlango wa jiko. Nikamwambia ni kwa usalama.

Jumapili, 9 Agosti

Mpaka. Ratiba: kipindi kimoja. Hali halisi: vipindi saba na nusu.

Kosa si langu. Foleni zilikuwa mbili, ya magari madogo na ya malori, na kibao kilifichwa na mtu aliyetundika shati lake juu yake. Nilipogundua niko kwenye malori, mbele yangu yalikuwa thelathini na nyuma yangu moja tu, nalo lilikuwa mbali. Dereva wake alishuka, akaja dirishani kwa heshima zote. "Mzee, rudi hatua kumi tu, ingia pale, utapita sasa hivi." Hata akajitolea kuniongoza kwa mkono.

Nikamshukuru. Nikamwambia nimechagua foleni hii makusudi, nataka kuona biashara ya nchi mbili inavyokwenda. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama mbele. Baada ya dakika kumi nyuma yetu yalikuwa malori kumi na mawili, na hoja ikafungwa.

Tulikaa saa tano. Mke wangu alimshonea yule dereva vifungo vitatu na kumkunjia suruali. Tulipomfikia ofisa wa mpaka, aliuliza tumebeba mzigo gani. Nikasema hatuna mzigo. Akauliza tena, taratibu, tumebeba mzigo gani. Mke wangu akasema, "Ni huyu hapa, afande, ila hana karatasi zake." Wakacheka wote wawili. Sikuona kinachochekesha, lakini tumevuka! Nchi ya pili! Waliosema sitaweza wako wapi?

Ziwa tumelipita gizani. Nimeliwekea alama kwamba limeonekana.

Jumatatu, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kwenye lile benchi jipya. Shemeji hakudanganya. Benchi lipo.

Barabara ilikuwa kama nilivyoogopa, upana wa gari moja na heshima kidogo. Nilienda kilomita tisa bila kupepesa. Dakika tano za tafakari nilizitumia nikiwa kwenye mwendo. Kisha barabara ikaisha, pua ya gari ikiwa hatua tatu kutoka kwenye vyuma, na baada ya vyuma hakuna kitu, ni sauti tu ya maji.

Mke wangu alishuka na picha yake. Akaishika mbele ya uso, akasogea kushoto, akasogea tena, mpaka akaupata mwamba ule ule na ule mti uliopinda. Akaishusha picha. Akasimama hivyo, ukungu unamlowesha kitambaa cha kichwa, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilikwenda nikasimama naye. Alinishika mkono wa shati kama anavyoshika kitambaa kizuri. Sijawahi kupanga kipindi kizuri kuliko hicho.

Kisha honi. Gari jingine lilikuwa limefika nyuma yetu, limejaa watu, nao wanataka nafasi. Dereva wao akashusha abiria kadhaa, akarudi nyuma mpaka kwenye upenyo wa kupishania, ovyo ovyo, kwa mkono mmoja! Akatungoja sisi.

Nikamwambia mke wangu aendelee kutazama. Nikaingia garini. Nikajikaza kisabuni. Gia ikalia, watu wakageuka. Nikaachia klachi, na gari likaenda. Likaenda mbele! Likagusa vyuma, vyuma vikalia ngaa, mama mmoja akapiga kelele akimtaja Mungu. Nikavuta handibreki kwa mikono miwili. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Dirisha likagongwa. "Sogea, Baba Pacha." Mke wangu huniita hivyo akiwa hana hasira, kwa ajili ya mapacha wetu walioko chuo. Nikasogea. Mke wangu akakaa kwenye kiti changu, akatoa raba kwenye mkoba, akazivaa, akazifunga kamba. Akarekebisha kioo. Akageuza shingo, na mikono yake haikusahau chochote. Alirudisha gari mita mia mbili, mwamba huku, bonde kule, kona moja, mteremko mmoja, akaliingiza kwenye upenyo, ubavuni mwa gari lile jingine, mara moja tu. Waliokuwa kwenye gari lile wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa natazama zile raba na vumbi lake jekundu. Suti haikuwapo kamwe.

Akaniambia yote huku mikono yake bado iko kwenye usukani. Alijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Mwanamume habomoi ukuta wake kwa ajili ya hewa. Miezi mitatu iliyopita alimwendea mdogo wake, akaomba afundishwe kila mchana, kwenye uwanja wa udongo. Nikamuuliza, kwa nini basi asije na Shemeji, yakaisha? Akasema siku ya harusi hakuahidiwa na Shemeji. Alitaka kuja na mimi. Akaona mimi nijue kwenda, yeye ajue kurudi, na tutafika.

Nililia, na wala haukuwa ukungu. Akaniomba kitu kimoja: siku nyingine nikishindwa jambo, nimwambie. Nikaapa. Nimejifunza. Naandika hapa kwa wino, si penseli: nimejifunza.

Jumatano, 12 Agosti

Nyumbani! Tumeingia kwa geti la mbele kwa kuwa nyuma kulikuwa na nguo zimeanikwa. Ratiba imefuatwa kwa asilimia tisini, ukitoa mpaka, ziwa, milima na ukingoni.

Shemeji alikuja kutupokea. Suti hakuvaa, lakini bado simwamini. Mke wangu amempangia anifundishe rivasi Jumamosi, saa moja tu. Nimewaambia Jumamosi nina kazi.

Nina kazi kweli. Leo nilipita shuleni kuuona mlingoti, nikamkuta mwalimu mkuu ameshafika na walimu wanne. Wakauliza habari za safari. Nikawasimulia ukingoni, kwa ufupi, jinsi gari lilivyorudishwa mita mia mbili kati ya mwamba na bonde, kwa ustadi, watu wakapiga makofi. Sikusema uongo. Sikutaja tu nani alikuwa amekaa wapi. Mwalimu mkuu alivutiwa mno. Amenikabidhi safari ya walimu ya Desemba, nchi tatu, na mimi ndiye nitakayeendesha basi dogo la shule! Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kuhusu mlingoti, akasema upepo ule unafanana sana na buti langu, lakini tutaongea baadaye.

Nimeshachora mduara. Nchi tatu bila rivasi! Kuna tatizo dogo moja. Katikati ya nchi ya pili na ya tatu pana mto, na mto una kivuko, na nimesoma kwamba kwenye kivuko hicho magari hupakiwa kwa kurudi nyuma.

Mke wangu ameuliza kutoka jikoni ninaandika nini. Nimemjibu ni ratiba. Barua inakwenda vizuri. Kivuko kimefungwa kwa matengenezo mpaka Januari, na safari hii nimebadilisha maneno ya mwisho.